Mawe Kichwani mwa Mama

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni hapa Nakuru, nabishania bei ya sukuma wiki, mwenye kibanda alipofungua gunia lililokuwa limekaa limefungwa tangu jana yake. Majani yalikuwa yametoka jasho humo ndani. Mvuke ukapanda, vuguvugu kama pumzi ya ng'ombe, na harufu yake ikanijaa puani: tamu, chachu, yenye dalili ya kuoza. Yule mama aliniapia kwamba mboga zimekatwa asubuhi hiyohiyo, uongo wa mchana kweupe, lakini mimi sikuwa Nakuru tena. Nilikuwa nimesimama miguu mitupu kwenye uwanja wa nyumba yetu kule karibu na Kaplong, nikitazama magunia ya chai iliyogeuka nyekundu, na watu wazima wakimtazama mama yangu kana kwamba amewaibia.

Niliondoka bila mboga. Kabla sijafika nyumbani, ule mpasuko wa mwanga ninaoujua tangu nikiwa msichana ulikuwa umeanza kumeta upande wa kulia wa kila kitu, na nikajua mchana wangu umekwisha. Nyumbani Mama alikuwepo, amekuja kunitembelea. Nitarudi kwake. Kwanza nieleze habari ya yale magunia, maana kila nikiumwa kichwa mawazo yangu huanzia pale.

Ninyi mliokulia kwenye chai hamhitaji kuambiwa. Mnajua umande wa asubuhi unavyopenya juu ya aproni ya nailoni na kuteremka hadi kwenye soksi. Mnajua vidole vinavyobaki vyeusi hata ukivisugua kwa ndimu. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hadi mkono unachuma hata ukiwa umelala kitandani. Na mnajua jinsi mchana wa kwetu usivyoaminika: jua la kuanika mahindi, halafu wingu linajikunja, baridi inashuka ghafla, na mvua ya mawe inamwagika juu ya mabati hadi huwezi kumsikia mtu aliye karibu nawe. Ikipita, chai imebaki vijiti. Mmea haufi, lakini unakaa wiki baada ya wiki ukiuguza vidonda vyake, na ninyi mnakaa pamoja nao, bila jani la kupeleka popote.

Mawe ndiyo tuliyoogopa kuliko kitu kingine chochote. Mimi niliogopa pia kichwa cha mama yangu.

Kilianza kwa miayo. Mama angepiga miayo mfululizo asubuhi, ilhali amelala vizuri, kisha angefunika jicho la kulia kwa kiganja kama mtu anayejaribu kusoma kitu cha mbali. Baada ya hapo maneno yalianza kumtoroka. Alikuwa akiniambia nimletee kikombe akimaanisha kikapu, na nikimletea kikombe anakitazama kwa huzuni kana kwamba kikombe ndicho kilichokosea. Ndipo alipokuwa akichukua leso yake, akaikunja ikawa kamba nene, akaifunga kuzunguka kichwa na kuikaza fundo hadi ngozi ya paji ikapanda. Aliingia kwenye stoo ya mahindi, kwa sababu haina dirisha, akalala sakafuni juu ya magunia na ndoo pembeni. Kazi yangu ilikuwa kuketi nje ya mlango na kuwafukuza kuku. Siku hizo nilimchukia jogoo wetu kwa moyo wangu wote.

Baba hakuwepo nyumbani siku nyingi. Aliendesha trekta kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho, akirudi mwisho wa mwezi. Tuliobaki ni Mama, mimi, na Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliyekuwa na nyumba yake hatua chache kutoka yetu na sauti iliyofika mbali kuliko hatua hizo. Watu wengi husimulia mabaya ya mama mkwe. Mimi sina hayo ya kusimulia. Kogo alimpenda Mama. Kibuyu cha mursik, yaani maziwa yetu ya mgando, husafishwa kwa mkaa wa kijiti kilichochomwa, na moshi wake ulimfanya Mama atapike. Basi Kogo, bila kuombwa, alihama na vibuyu vyake vyote hadi chini kabisa karibu na mto, akawa anachomea huko, mvua au jua. Yeye ndiye aliyefanya hivyo, na yeye ndiye aliyeanzisha balaa ya yale magunia. Mambo hayo mawili yalitoka kwenye moyo mmoja.

Watu walikuwa wameanza kusema. Kwetu mwanamke anayelala mchana wakati chai imeiva ni mvivu, na hakuna hukumu nyingine. Homa inaonekana, mguu uliovunjika unaonekana, lakini kichwa? Kila mtu ana kichwa. Kogo alizisikia zile kelele kisimani na kanisani, zikamkera sana. Halafu siku moja Mama alijifunga leso jua likiwaka, na alasiri ile mawe yakanyesha. Haikupita muda mrefu, ikatokea tena. Kogo akakaa akafikiri, akapiga makofi.

"Mnamwita mvivu," aliwaambia wanawake nje ya kanisa Jumapili iliyofuata, nami nimeushika mkono wake. "Huyu mke wa mwanangu anasikia mawe kabla hayajatoka kwa wingu. Mkiona amefunga kichwa, chumeni chai yenu. Mimi nimewaambia."

Walicheka. Lakini kwa vile mtu wa chai hawezi kupuuza habari ya mawe hata akiisikia kwa mlevi, baadhi yao walichuma mapema siku ambayo Kogo aliwaita, na mawe yakaja yakawakuta wamekwisha kupima na kurudi nyumbani. Kuanzia hapo hakuna aliyecheka. Jirani aliyepakana nasi, Mama Wambui, ambaye wazazi wake walitoka huko Murang'a wakahamia kwetu kabla yeye hajazaliwa, na aliyekuwa na duka Kaplong na kipande cha chai ng'ambo ya ua wetu, alianza kupitia kwetu kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Hakupitia kusalimia. Alisimama kwenye ua, akanyoosha shingo.

"Nyanya, leo aje? Kichwa ya mama Chebet iko namna gani?"

"Leo iko sawa kapisa," Kogo angejibu, mdomo ukijaa fahari. "Fungua duka yako."

Mimi nilifurahi. Sina haja ya kuficha. Mama yangu hakuwa mvivu tena, alikuwa mtu wa maana, na shuleni walinitazama kwa namna fulani. Hata mwalimu aliwahi kuniuliza Mama ameamkaje, akatazama juu.

Ila kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Zilikuwepo siku ambazo Mama aliumwa kupindukia na hakuna kilichonyesha. Anga safi, kuku wanaota jua, na ndani ya stoo Mama anatapika hadi hakuna cha kutapika. Nilimuuliza Kogo, "Mbona leo mawe hayakuja?"

Kogo hakuwa mtu wa kukosa jibu. "Mama yako ameyashika," alisema, akaendelea kukamua ng'ombe.

Kwake lilikuwa neno la kunyamazisha mtoto. Mimi nililibeba lote. Nikaelewa, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba mawe yalikuwa yakija kwetu kweli, na Mama alikuwa akiyapokea kichwani yasifike kwenye chai. Ndiyo maana kichwa kilimuuma. Kingeachaje kuuma, kimejazwa mawe? Nilimtazama akijikaza ile leso nikaona anafunga gunia lisipasuke. Usiku nilikuwa nikilala nikiwaza: yakishaingia humo, huenda wapi? Sikuwahi kuona akiyatoa. Basi yalikuwa yakizidi tu, na ipo siku kichwa kitajaa. Sikumwambia mtu. Niliacha kukimbia nikiwa karibu naye, nikaacha kufunga milango kwa nguvu, kama mtu anayeishi na sufuria iliyojaa pomoni.

Msimu wa mawe ulipokaribia mwaka ule, akina mama wa kanisa walikubaliana kufunga na kuomba ili Mungu ayaepushe. Walifunga mchana kutwa bila chakula wala maji, wakikutana kanisani kila alasiri. Mama hakutaka kubaki nyuma. Alifunga kama wengine na kuchuma chai kama kawaida, na baada ya siku kadhaa kichwa kikamshika vibaya kuliko nilivyowahi kuona. Alitambaa kuingia stoo. Leo nikila chakula cha mchana kwa kuchelewa tu, najua kitakachonipata jioni. Mtoto yeyote wa shule anaweza kukuambia kwamba tumbo tupu na kichwa kama kile havipatani. Lakini hapo kwetu hakuna aliyefikiri habari ya tumbo. Kogo alimwona Mama na leso, akaona uso wake ulivyogeuka kijivu, akajua moja kwa moja: haya yajayo ni makubwa kuliko yote, yanakuja hata baada ya maombi. Alifunga kanga kiunoni akapita nyumba hadi nyumba.

Haikuwa siku ya kuchukua chai. Lori la kiwanda lilikuja kwenye kituo chetu cha kupimia siku zake maalumu, na siku hiyo haikuwa mojawapo. Kila mtu alijua. Lakini hofu ikishaingia, nani anakumbuka lori? Walichuma kijiji kizima, wanaume, watoto waliotolewa shuleni, hata wale akina mama waliofunga, wakichuma majani ambayo yalikuwa bado na wiki ya kukomaa, wakitazama juu kila mara. Anga ilibaki kavu kabisa. Jioni magunia yalirundikwa kwenye vibaraza. Siku iliyofuata anga ikawa safi zaidi. Na jani la chai likirundikwa halingoji mtu; linajipika lenyewe. Lori lilipofika hatimaye na magunia yakafunguliwa, mvuke ulipanda, jani limekuwa jekundu kama kutu, na karani wa kupima aliingiza mkono hadi kiwiko, akautoa, akatikisa kichwa.

Walikuja kwetu moja kwa moja kutoka kituoni. Mama Wambui alikuwa mbele, gunia lake mgongoni, akalimwaga katikati ya uwanja wetu, na ile harufu ikatufunika sote.

"Haiya! Sasa hii nitapeleka wapi?" alipaza sauti. "Nikunywe mimi mwenyewe? Mawe iko wapi? Nionyesheni jiwe moja tu!"

"Maombi yamefanya kazi," Kogo alisema. "Mungu amerudisha mawe. Mnalia nini?"

Wawili watatu walitikisa vichwa wakakubali, kwa kuwa ilikuwa afadhali kuliko kukiri wamechuma bure. Wengine hawakutaka kusikia. Mwanaume mmoja alisema kwa Kikipsigis, taratibu, kwamba mtu anayecheza na jasho la watu hivi ana lake jambo. Ndipo Mama alipotoka stoo. Leso ilikuwa bado imefungwa na jicho moja limefumba kwa sababu ya jua. Alishika mlango.

"Mimi sikusema kitu," alisema. "Nilikuwa naumwa tu."

Hakuna aliyemsikia, au walimsikia wakaona si jibu. Wangeweza kumsamehe nabii aliyekosea mara moja. Mgonjwa hawakuwa wamemwona kamwe.

Baada ya siku ile leso haikuonekana tena kichwani mwake. Aliikunja akaiweka chini ya godoro. Stoo alifunga kwa kufuli, akasema panya wamezidi. Watu wakasema amepona, tena wengine walisema, kumbe hakuwa na lolote. Mimi peke yangu nilijua, kwa sababu niliijua miayo. Niliona akichuma na jicho limefumba, akihisi chipukizi kwa vidole. Niliona akienda nyuma ya choo kutapika, akirudi amenawa uso, ametafuna kipande cha tangawizi ili asinuke. Alikuwa akiimba puani tuni za kanisani bila maneno, kwa kuwa maneno yalikuwa yametoroka, na akina mama waliopita barabarani walimwita, "Leo una furaha, mama Chebet!" naye akapunga mkono.

Siku hizi watu wangemsifu kwa kusema ni mwanamke jasiri. Mimi nasema alikuwa anakufa polepole mbele yetu, na tulikuwa tunamwambia ana furaha. Kwa mtoto ilikuwa mbaya zaidi, maana nilijua la ziada: sasa hata leso ya kuzuia hakuna, na mawe yanaingia kila siku.

Mawe ya kweli yalikuja wakati wa likizo. Ilikuwa siku ya lori, hivyo kila mtu alikuwa shambani. Mama alianza miayo tukinywa chai ya asubuhi. Aliniambia, "Chebet, lete ule... ule...," akaonyesha kikapu kwa kidole, akakivaa mgongoni, tukaenda. Kufikia mchana alikuwa akishika matawi kwa mkono mmoja ili asianguke. Ng'ambo ya ua Mama Wambui alikuwa akichuma kwa kasi, hakututazama. Tangu siku ya gunia hakuwa amesema nasi neno. Nilimwona Mama akigeuka kumtazama, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Upepo ukasimama. Mwanga ukawa wa manjano. Mimi nilimvuta aproni.

"Mama, waambie."

"Niwaambie nini?" alisema. "Nyamaza, uchume."

Tone la kwanza lilikuwa zito na baridi. Halafu yakaja. Nimeona mvua nyingi za mawe, sijaona kama ile. Watu walipiga kelele wakakimbilia vibandani, na mimi nilijiinamia chini ya vichaka vya chai, ambapo mashina yameachana na mtoto anaweza kujipenyeza. Nilipotazama nyuma, Mama alikuwa amepiga magoti kati ya mistari. Kikapu kilikuwa kimepinduka, majani yote yamemwagika. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anatapika, na mawe yalikuwa yanaruka pande zote kumzunguka, meupe, yakimdunda begani na kugonga majani na kuruka tena.

Nikajua kimepasuka.

Sina njia nyingine ya kueleza nilichokiona, kwa sababu ndicho nilichokiona: mawe yote aliyoyashika siku zote zile yalikuwa yanamtoka. Sikulia. Nilitambaa hadi alipo na kuanza kuyaokota. Nilidhani nikiwahi, nikiyarudisha kabla hayajayeyuka, kichwa kitafungika na Mama atabaki. Nilivua sweta langu nikayajaza humo, nikalifunga mikono yake, nikamwekea kwenye paji na kukandamiza kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nikisema, "Rudini ndani, rudini ndani."

Mama alitulia. Nilihisi shingo yake ikilegea mkononi mwangu, nikadhani amekufa. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Weka. Hapohapo. Weka tena."

Nikaokota mengine. Nikaokota, nikaweka, yakayeyuka, maji yakamtiririka hadi kwenye kola, nikaokota tena. Chai yetu ilikuwa inachanwachanwa pande zote mbili, na mawe yaleyale yalikuwa yanampa Mama nafuu ya kwanza aliyoipata tangu asubuhi. Hivyo ndivyo Mama Wambui alivyotukuta. Alikuwa ameruka ua na gunia kichwani, amekuja, nadhani, kuuliza kwa hasira kwa nini hakuambiwa. Alisimama. Aliona matapishi, aliona jicho la Mama lililokuwa limevimba na kutoa machozi upande mmoja tu, akaona sweta.

"Ngai," alisema. "Kumbe wewe ni mgonjwa."

Alisema kama mtu aliyegundua jambo jipya kabisa. Akalitandaza gunia lake juu yetu sote watatu, tukangoja.

Hospitali ya misheni haikuwa mbali, lakini Mama hakuweza kusimama. Gari lililopita lilikuwa pikapu ya kubebea maziwa, nayo ina makopo ya chuma yanayogongana kila shimo, na barabara ile ilikuwa mashimo matupu. Kwa kila mlio Mama alijikunja. Mama Wambui alimpigia dereva paa la gari asimame, akavua koti lake, akavua na sweta, akamnyang'anya dereva jaketi, akazishindilia nguo hizo katikati ya makopo hadi yakanyamaza. Alisafiri vile, na blauzi iliyolowa, meno yakigongana, kichwa cha Mama mapajani mwake. Hakuomba msamaha wakati ule wala baadaye. Sijui kama alihitaji.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alizima taa ya chumba kabla hajauliza chochote, na kwa hilo peke yake ningemfuata popote. Alimpa Mama dawa, akangoja, kisha akaanza kumuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Unakula saa ngapi? Unalala vipi? Nani anakusaidia kazi? Kinapoanza, unafanya nini? Mama alijibu vizuri hadi daktari alipouliza, "Na ukishikwa ukiwa shambani, unapumzikia wapi?" Hapo alilia. Alilia kwa uangalifu, bila kutikisa kichwa. Daktari alimwambia ugonjwa huo una jina, unaitwa kipandauso, na watu wengi wanao. Alimwambia asifunge tena chakula na asijikaze. Akiona dalili za kwanza, anywe dawa na alale mapema. Akasema hali ya hewa ikibadilika ghafla inaweza kukiamsha kichwa, kwa hiyo si ajabu mawe na maumivu vimewahi kuja pamoja, na si ajabu pia kimoja kimekuja bila kingine.

Mimi nilisikiliza yote. Niliona ni daktari mzuri, ila hakuwa shambani.

Tuliporudi Kogo alikuwa ameketi mlangoni mwetu. Chai yote ya kijiji ilikuwa vijiti, na yeye alikuwa ameshinda akijibu watu waliotaka kujua kwa nini safari hii hawakuonywa. Alianza kusema kabla Mama hajakaa: kwamba sasa wameona, kwamba atakwenda kanisani Jumapili kuwaambia, kwamba leso irudi kichwani ili watu wajue.

"Mama," mama yangu alisema. Alikuwa bado anaongea taratibu, akichagua maneno mojamoja. "Niache niwe mgonjwa tu."

Kogo alishusha sauti. Hilo halikuwa jambo la kawaida.

"Watakuita mvivu," alisema. "Nilikuwa nakukinga."

"Najua. Waniite."

Kogo aliinuka akaenda nyumbani kwake bila kuaga, nami nikadhani tumempoteza. Lakini baadaye, katika msimu uleule, Mama alipopiga miayo akaitoa leso chini ya godoro na kufungua kufuli ya stoo, nilikwenda kuketi mlangoni kama zamani nikakuta nafasi yangu imechukuliwa. Kogo alikuwa ameweka kigoda chake pale, na fimbo magotini. Jogoo alikuwa amefungwa chini ya kikapu. Mama Wambui alipita njiani akielekea dukani, akasimama kwa mazoea.

"Nyanya, amefunga kichwa? Kwani mawe inakuja?"

"Amelala," Kogo alisema.

"Hapana, nauliza tu kama nichume..."

"Nimesema amelala. Ukitaka habari ya mvua, nunua redio. Si uko na duka?"

Mama Wambui alicheka hadi akashika ua. Jioni alileta maziwa.

Mimi sikuacha mara moja kuamini habari ya mawe. Imani ya namna hiyo haiondolewi kwa kuelezwa. Iliniisha polepole, jinsi kimo kinavyoongezeka, hadi siku moja nikiwa sekondari nilipoona mpasuko wa mwanga kwenye ubao, nikapiga miayo, na neno la kawaida kabisa likanitoroka mbele ya darasa zima. Wazo langu la kwanza, namwambia kila mtu mzima anayenisoma, lilikuwa: sasa ni zamu yangu kuyashika.

Basi wiki iliyopita nilifika nyumbani kutoka sokoni nikishika ukuta. Mama alikuwa jikoni. Nilianza kueleza hata kabla sijavua viatu: kwamba kazini wiki hii tumebanwa, kwamba nimelala vibaya, kwamba huenda ni lile gunia la sukuma, kwamba mvua lazima iko karibu, ona hewa ilivyo nzito, na nitaamka sasa hivi nipike. Nilikuwa natafuta sababu ya kutosha. Mtu mzima mwenye watoto, katika nyumba yangu mwenyewe, nikimtolea mama yangu ushahidi.

Mama alivuta pazia. Nilisikia mlango wa friji, kisha barafu ikigongwa, kisha hatua zake. Alikuwa ameifunga barafu ndani ya sweta la mwanangu, mikono imefungwa fundo. Akaiweka kwenye paji langu, mahali penyewe hasa, akakandamiza.

"Ulijua nilichokuwa nafanya siku ile?" nilimuuliza.

"Ulikuwa ukiyaambia yarudi ndani," alisema. "Nilitaka kucheka, ila kucheka kulikuwa kunauma."

Nje jua lilikuwa linawaka. Nililiona ukingoni mwa pazia, anga ya buluu isiyo na wingu hata moja, nikaanza tena kusema kwamba huenda ikafika jioni, huenda ni mvua ya upande wa mlimani. Mama aliweka kiganja chake kikavu, chenye weusi wa chai usiotoka, juu ya mdomo wangu.

"Lala," alisema. "Si lazima mawe yanyeshe."